TAHADHARI: Kadi za geti "zisizokopika" ni uongo, nimepigwa 540,000

Geti la jengo letu linafunguliwa kwa kadi ya kugusisha, na mimi nilikuwa natafuta kadi ambazo mtu hawezi kuzikopi. Hela yenyewe si yangu, ni michango ya wapangaji, ndiyo maana toka juzi napanda ngazi kwa kunyata.

Nilienda Kariakoo kwa jamaa mmoja anauza kamera na vifaa vya ulinzi. Nikamwambia kabisa: nataka kadi zenye usimbaji fiche, yaani namba yake imefungwa kwa siri, hizi za kawaida zinakopiwa hovyo. Akacheka. "Bosi, wewe unajua vitu." Hapo nikalainika, nakiri. Akaweka kadi mbili mezani. Ya kwanza akaigusisha mgongoni mwa simu yake, simu ikalia, namba zikatokea kwenye kioo. "Hii iko wazi, mtoto wa shule anaisoma." Akachukua ya pili, nyeupe, nene kidogo. Kimya. Akaigeuza, kimya. Akanipa nijaribu kwa simu yangu mwenyewe. Kimya! "Imefungwa hiyo, simu yenyewe imeshindwa. Na mashine yenu ya getini itaisoma vilevile, hambadilishi kitu."

Sasa niambieni, nani asingeamini? Nimejaribu kwa mkono wangu. Duka lina kiyoyozi, soda kaninunulia. Nikalipa kadi 60, kila moja 9,000.

Wiki ya tatu, mama wa namba 9 yuko msibani Mwanza, kadi anayo kwenye pochi, halafu kompyuta inaonyesha kadi yake imefungua geti saa tisa usiku. Nikachukua yangu, nikampelekea fundi funguo pale kituoni. Akaigusisha kwenye kidude kama rimoti, pii. Akaweka kitufe kitupu cha kufungulia geti, pii. Shilingi 5,000. Hata chapati yake hakuiweka chini. Nikaenda nacho getini, likafunguka.

Fundi huyo ndiye aliyenifumbua macho. Kadi nilizouziwa ni za masafa ya redio ya kHz 125, zinataja namba yao kwa mashine yoyote inayouliza. Simu zetu zinasoma za MHz 13.56 tu, kwa hiyo kile kimya hakikuwa kufuli, simu ilikuwa kiziwi. Huenda ile muuzaji aliyoiponda ndiyo ilikuwa nafuu!

Yule mtu akamatwe. Afungiwe duka, arudishe hela mbele ya wapangaji wote, na ile soda nimtapikie. Nimemrudia, kanionyesha karatasi ukutani: bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Risiti yenyewe imeandikwa "kadi", basi.

Haya, kwa wanaotaka kununua. Ukiambiwa mashine ya zamani ya kHz 125 itazisoma, kimbia. Namba 10 zikiwa zimechapwa kwenye kadi, shtuka. Na neno Mifare, jina la kadi za MHz 13.56, peke yake lisikulevye, Mifare Classic watafiti wa Uholanzi waliivunja tangu 2008 na bado inauzwa. Taja DESFire EV2 au EV3, yaani Mifare zenye usimbaji fiche imara zaidi, iandikwe kwenye risiti, na fundi aiweke mashine isome ile sehemu yenye siri, maana mashine nyingine zinasoma namba ya juujuu isiyofungwa tu na hela yako imekwenda bure.

Kikao ni Jumamosi saa kumi. Mwenyekiti kaniandikia maneno matatu: njoo na risiti.