Mita ya klampu UT210E: kumsaka mnyonya betri bila kufungua waya

Gari la zamani likilala Ijumaa, na Jumatatu asubuhi likagoma kuwaka, mafundi wengi wa waya hapa Malindi wana dawa mbili: nunua betri mpya, au fungua tamino ya negativu kila usiku. Zote mbili zinauacha ugonjwa ulipo. Umeme unaovuja hupimwa kwa miliampea, na mita nyingi za kubana waya haziwezi kazi hiyo, kwani zinapima umeme wa AC tu, ule wa nyumbani. UT210E ya kampuni ya UNI-T inaweza. Ina reinji ya ampea 2 za DC, umeme wa betri, na inasoma hadi miliampea 1. Tazama herufi ya mwisho kabla ya kulipa: UT210D ina sura ileile, lakini reinji yake ya chini ni ampea 20, kwa hiyo namba zinaruka miliampea 10 kwa 10.

Corolla ya miaka ya tisini yenye saa, redio na kompyuta ya injini haifai kula zaidi ya miliampea 50 ikiwa imezimwa, na nyingi hukaa chini ya 30. Ikila 300, kila saa 24 zimekwenda ampea-saa 7.2. Betri ya ampea-saa 35 inapoteza nusu ya chaji yake kwa saa 60, na iliyochoka haifiki hata hapo. Magari yanayoachwa muda mrefu kwenye nyumba za wageni kule Casuarina ni habari nyingine: hata miliampea 30 zisizo na kosa lolote ni zaidi ya ampea-saa 21 kwa mwezi. Hayo kweli yafunguliwe negativu.

Chaji betri kwanza, ifike kama volti 12.6 ikiwa imetulia. Fungua boneti, toa ufunguo, funga milango. Kama sanduku la fyuzi liko ndani na mlango lazima ubaki wazi, bandika utepe juu ya swichi ya mlango ili gari lidhani umefungwa. Kisha subiri nusu saa. Ukipima mara moja utaona namba kubwa ya vifaa ambavyo bado havijalala, uanze kumsingizia asiyehusika.

Sasa kasoro kubwa ya mita hii, ambayo ni ya klampu zote za DC. Taya zake husikia hata sumaku ya dunia, na ukiizungusha mkononi namba huhama ilhali hakuna waya ndani. Ishike karibu kabisa na waya, ikielekea vilevile utakavyopima, taya zikiwa zimefungwa, ubonyeze ZERO, ndipo ubane. Bado una shaka? Pima, geuza mita upande wa pili, pima tena. Ukipata 95 na kisha -65, tofauti yake ni 160, igawe kwa mbili: gari linakula 80. Ujanja huu unafuta kosa la sifuri, na ni bora kuliko kubonyeza ZERO mara kumi.

Bana nyaya zote zinazotoka negativu. Gari lililopita mikononi mwa mafundi wengi halikosi waya mwembamba wa ziada, wa alamu, traka au amplifaya ya muziki, na ukiuacha nje unapima uongo. Taya zisipofunga kabisa kwa wingi wa nyaya, pima mmoja mmoja ujumlishe. Waya mwembamba wenye urefu wa kutosha upitishe ndani ya taya mara tano, ugawe jibu kwa tano, nawe unapata usahihi ambao mita yenyewe haina.

Klampu ikishaonyesha umeme unavuja, zikague fyuzi ujue unapitia wapi, na hapo ile mita ndogo ya manjano ya DT830 inafaa zaidi. Iweke kwenye milivolti 200, gusa vidoa viwili vya chuma mgongoni mwa fyuzi bila kuing'oa. Kwa fyuzi ndogo ya ampea 10, milivolti 1 ni kama miliampea 130. Kung'oa na kurudisha kunaamsha vifaa vilivyolala na kuharibu kipimo. Usiiunge DT830 katikati ya negativu na betri: tundu lake la ampea 10 mara nyingi halina fyuzi, na mtu akizungusha ufunguo, stata itavuta umeme wote kupitia humo.

Fyuzi ya STOP ikionyesha kitu, chungulia pedali ya breki. Kwenye Toyota kuukuu, kipande cha plastiki kinachobonyeza swichi hukauka na kumeguka, taa za breki zikawaka usiku kucha. Fyuzi ya DOME, ya taa za ndani, ikila miliampea 400 hivi, hiyo ni balbu ya wati 5, mara nyingi ya buti. Swichi za milango huku pwani huliwa na chumvi, basi anza nazo. Redio iliyofungwa na fundi wa mtaani ikaguliwe nyaya mbili: wa manjano ni wa umeme wa kudumu, mwekundu ni wa ufunguo. Zikiunganishwa pamoja, redio huwa haizimiki sawasawa.

Fyuzi zote zikiwa safi na klampu bado inaonyesha mamia, hamia waya mnene wa alteneta. Injini ikiwa imezimwa, pale panatakiwa pasomeke karibu na sifuri. Ikisoma zaidi, dayodi ya alteneta, ile inayozuia umeme usirudi nyuma, inavuja na betri mpya haitasaidia.

Mita hii haiweki kumbukumbu na hujizima yenyewe, kwa hiyo haiwezi kuachwa ikesha na gari. Relei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, inayoganda siku moja na kuachia siku nyingine itaikwepa. Hiyo itafute alfajiri kwa kuzigusa relei moja moja: iliyobaki na umeme huwa na joto.