Niliacha kubadilisha simu kila mwaka, hesabu zangu hizi hapa

Mimi ni mhasibu. Kazini kwangu hata risiti ya maji ya kunywa ya shilingi elfu moja haipotei hivi hivi. Lakini kuanzia Novemba 2019 hadi Desemba 2022 nilinunua simu nne mpya, na sikuwahi kukaa chini kujumlisha zimenila kiasi gani. Nilikuwa najiambia simu ya zamani inanirudishia hela, kwa hiyo naongeza kidogo tu. Hicho kidogo ndicho nimekifungulia daftari mwaka huu.

Simu zenyewe ni iPhone 11, 12, 13 na 14, zile za kawaida, si Pro. Ya kwanza niliinunua 2,150,000. Mwaka uliofuata muuzaji mmoja wa Kariakoo aliipindua mara mbili tatu, akapitisha ukucha kwenye mkwaruzo ambao mimi sikuwahi kuuona, akasema, "Bosi wangu, hapa nakupa moja na laki tatu." Ile 12 nilitoa 2,450,000, ikarudi 1,550,000. Ile 13 nilitoa 2,500,000, na Desemba 2022 nikamwachia shemeji yangu kwa 1,600,000, alipe kidogo kidogo. Laki mbili za mwisho bado ziko njiani. Kwenye hesabu nimeziandika kama zimelipwa, maana shemeji ni shemeji.

Ukitoa kilichorudi, simu tatu zile zilikula 2,650,000. Weka na kava, protekta na chaja (kuanzia Oktoba 2020 Apple waliacha kuweka kichwa cha chaja ndani ya boksi), jumla inafika 2,960,000. Gawa kwa miezi 37. Nilikuwa nalipa shilingi 80,000 kila mwezi, kama kodi ya chumba, na hicho chumba sikuwahi kukilala.

Sasa nilipata nini?

Kutoka 11 kwenda 12 nilipata kioo kizuri zaidi, hilo nakiri. Weusi ulikuwa weusi kweli, na juani niliona vizuri. Lakini sababu niliyompa mama watoto wakati ule ilikuwa 5G. Nilimwambia tunaingia zama mpya. Vodacom walizindua 5G Tanzania Septemba 2022. Wakati huo ile 12 nilishaiuza karibu mwaka mzima nyuma, na ile 13 ilikuwa imebakiza miezi mitatu mkononi mwangu. Kwa maneno mengine nililipia 5G mara mbili kabla haijafika mjini.

Na sababu ya kweli ya kuiacha 11? Ilikuwa nzito. Ilikuwa inaganda nikifungua kamera. Leo najua kwa nini: ilikuwa ya GB 64, na mimi nilikuwa mweka hazina wa kamati mbili za harusi kwa wakati mmoja. Kila mjumbe anatuma video ya ukumbi, video ya keki, video ya mshereheshaji anayependekezwa, na WhatsApp inahifadhi zote. Ningefuta GB 30 za vikao vya harusi za watu ambao sasa wana watoto wawili, simu ingepumua. Nikatoa milioni moja na ushee badala yake.

Kutoka 12 kwenda 13, hapo sina ubishi. Betri ilikaa. Ile 12 saa kumi jioni ilikuwa inaomba chaji. Ile 13 nilirudi nayo nyumbani Mbagala saa mbili usiku na foleni yote ile, bado ina robo. Na kiwango cha chini cha hifadhi kilikuwa kimepanda hadi GB 128. Hayo mabadiliko ningeyalipia tena hata kesho.

Kutoka 13 kwenda 14 ndipo nilipoumbuka. Chipu ni ileile A15, tofauti yake ni kwamba sehemu ya michoro imeongezewa kiini kimoja. Kioo ni kilekile cha 60Hz (yaani kinajichora upya mara 60 kwa sekunde), chenye ule mkato juu. Huduma ya kuomba msaada kwa setilaiti, ambayo ndiyo iliyotangazwa kwa mbwembwe, haikufunguliwa kwa Tanzania. Ya kutambua ajali ya gari ipo, namshukuru Mungu sijaijaribu. Kamera ya mbele kweli inatafuta uso vizuri zaidi, na RAM, kumbukumbu ya kazi ya simu, imetoka GB 4 hadi 6. Lakini nilichogundua wiki ya kwanza ofisini kilikuwa kitu kingine kabisa: hakuna aliyeniuliza "mpya hiyo?" Kwa nyuma inafanana na ya mwaka jana, watu wakadhani nimebadilisha kava. Nikajisikia vibaya, kisha nikajishangaa kwa nini najisikia vibaya. Siku hiyo ndipo nilipojua milioni zangu zilikuwa zinanunua nini.

Kuna gharama nyingine haimo kwenye daftari. Kila unapohama simu, siku nzima inakwenda. Picha zinahama zenyewe, sawa, lakini benki ninayoitumia iliwahi kunirudisha tawini, nikapanga foleni na wazee wa pensheni, ili tu programu yao ikubali kwamba mimi ni mimi kwenye simu mpya. Mwaka uliofuata wakaniambia tatizo hilo wameshalitatua. Nikarudi tawini.

Jaribio langu la kisayansi lilifanyika Tanga, Idi. Mimi na 14, shemeji na 13 yangu ya zamani, mdogo wangu na 11 aliyonunua ya mtumba. Tulipiga picha ileile ya watoto uani saa nne asubuhi, tukamtumia shangazi zote tatu kwa WhatsApp bila kumwambia ipi ni ya nani. Shangazi akachagua ya 11. Akasema hiyo ndiyo watoto wamependeza. WhatsApp yenyewe inazibana picha, kwa hiyo hata kama kuna tofauti, nyingi inabaki njiani. Usiku, watoto wakikimbia na fataki, 11 ilianza kuonyesha umri: nyuso zilikuwa na ukungu. Kati ya 13 na 14 lakini, hata mimi mwenye simu nilikosea. Shemeji alifurahi kupita kiasi.

Tukaondoka Tanga nikiwa nimeamua: hii 14 naiacha ichakae. Sasa ni Desemba 2025, imefikisha miaka mitatu kamili mkononi, na hayo ndiyo mapitio yenyewe ya leo.

Miaka miwili ya kwanza hakuna la kusema, simu ilifanya kazi. Mwaka wa tatu betri ikaanza vituko. Apple wenyewe wanasema betri za 14 kurudi nyuma zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500, na kuanzia 15 ni mara 1,000. Mimi nachaji kila siku, na mchana naiweka mbele ya usukani ikinionyesha njia, jua la Dar la Februari likiipiga kwenye kioo cha gari. Joto ndilo linaloua hizi betri kuliko kitu kingine. Ilipofika asilimia 79 ilikuwa inazima ghafla ikiwa imeandika asilimia 15, mara nyingi katikati ya kulipa kwa lipa namba, na foleni nyuma yangu inaguna.

Hapo shetani wa zamani alirudi. Nilikuwa nimeshauliza bei ya 16. Nilikumbuka pia ile habari ya Desemba 2017, Apple walipokiri kwamba simu zenye betri iliyochoka zilikuwa zinapunguzwa kasi ili zisizime. Mwishoni mwa mwezi huohuo wakashusha bei ya kubadilisha betri hadi dola 29, na watu wengi waliokuwa tayari kununua simu mpya wakagundua simu yao ilikuwa nzima. Nikasema ngoja nianze na betri.

Nikakosea hatua ya kwanza. Nilikwenda kwa fundi wa bei rahisi, 45,000, dakika ishirini, nikatoka nacheka. Baada ya miezi mitano kioo kikaanza kuinuka pembeni. Betri ilikuwa imevimba. Kama umewahi kuona simu yako inafunguka kama mandazi mafutani, usiichaji tena hata mara moja, ipeleke itolewe. Fundi wa pili, mtaa wa Aggrey, aliniangalia kwa huruma: "Bosi, simu nzima hii. Uliua mwenyewe kwa kubana hela." Betri aliyoweka ni 150,000. Mpaka leo kwenye mipangilio kuna maandishi kwamba betri hii haikuthibitishwa. Nimeyazoea. Alinionya pia kwamba simu ikishafunguliwa, habari ya kuzuia maji isahau, kwa hiyo ufukweni Kigamboni naiacha kwenye begi.

Baada ya hapo? Simu mpya. Sisemi kwa kutia chumvi. Kasi ilikuwepo siku zote, kilichokosekana ni betri ya kuibeba.

Turudi kwenye daftari. Niliinunua 2,450,000. Wiki iliyopita duka limekubali kuichukua kwa 800,000, kwa hiyo imepoteza 1,650,000. Betri mbili, kava na protekta ni 250,000. Jumla 1,900,000 kwa miezi 36, yaani kama 53,000 kwa mwezi. Nakiri nilitegemea tofauti kubwa zaidi. Kutoka 80,000 hadi 53,000 ni nafuu, lakini si ya kumwita jirani. Nilipoangalia tena ndipo nikaona: mwaka wa kwanza peke yake ndio unaokula karibu laki tisa, na miaka miwili inayofuata kwa pamoja haifiki hata laki nane. Yule anayebadilisha kila mwaka anaununua mwaka wa kwanza tu, tena na tena. Mimi nikiishikilia hadi Desemba 2026, na ikashuka laki mbili nyingine, nitakuwa chini ya 44,000 kwa mwezi. Nafuu iko mkiani, kwenye ile miaka ambayo simu haina tena la kupoteza.

Na haiachwi nyuma. Ile 11 ya mdogo wangu, simu ya 2019, Septemba mwaka huu imepokea iOS 26. Upande wa Android, Google kuanzia Pixel 8 na Samsung kuanzia Galaxy S24 wameahidi masasisho ya miaka saba. WhatsApp ilipofungia watu Mei mwaka huu, upande wa iPhone waliotolewa ni wenye 5s na 6, simu za 2013 na 2014. Kwa hiyo mtu asikuambie simu ya miaka mitatu imekwisha.

Akili mnemba? Hiyo ndiyo hoja waliyonipa dukani safari hii. Nikauliza kama inaongea Kiswahili. Kijana akanyamaza, akanionyesha rangi.

Hata hivyo iPhone 17 ya kawaida imenitikisa kidogo, nisidanganye. Kioo hatimaye kimefika 120Hz na hifadhi inaanzia GB 256. Ukitoka 16 utaona mambo mawili matatu. Mimi nikitoka 14 nakusanya mavuno ya miaka mitatu kwa mpigo, na nikisubiri mwaka mmoja tena, minne. Kusubiri nako kuna utamu wake ambao sikuwa naujua.

Ninaye binamu anayepiga video za harusi kwa simu, anazikata usiku huohuo na kuzituma kabla maharusi hawajaamka. Yeye hubadilisha kila baada ya miaka miwili, na simu inajilipa kwa sherehe chache. Simsemi. Ila naye siku hizi huchukua ya mtumba ya Dubai, na hafungui pochi kabla hajapiga *#06#, ikatokea namba ya utambulisho wa simu, na kuituma kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhakikisha. Aliyekuwepo Juni 2016, simu bandia zilipozimwa usiku mmoja nchi nzima, hahitaji kuelezwa kwa nini.

Bonasi ya Desemba imeingia Ijumaa. Nimeagiza simtank ya lita 2,000. Jumamosi asubuhi shemeji kapiga simu, salamu ndefu, watoto hawajambo, kazi inaendelea, kisha sauti ikashuka: "Shemeji, mwaka huu hubadilishi? Maana mimi hapa nilikuwa naisubiri hiyo 14." Nikamwuliza habari za zile laki mbili. Mtandao ukakatika.