Umami, Plausible na Google Analytics kwenye tovuti ya Next.js: uzoefu wangu na duka la vitenge Kariakoo

Umami, Plausible na Google Analytics ni programu za kuhesabu wanaoingia kwenye tovuti na wanachokifanya humo. Mwenye haraka achukue hili kwanza. Kwa duka la Dar ambalo biashara yake inamalizikia WhatsApp, na tovuti yake imejengwa kwa Next.js (fremuwaki, yaani kiunzi cha kujengea tovuti kwa JavaScript), mimi nimebaki na Umami niliyoiweka kwenye seva ninayoisimamia mwenyewe. Google Analytics nimeiacha kwa wateja wanaolipia matangazo ya Google tu. Plausible namshauri yeyote mwenye kadi ya kulipia mtandaoni na asiyetaka habari za kutunza seva. Nilivyofika hapo ni habari ndefu kidogo, na kwa maoni yangu ina faida kuliko majina yenyewe ya programu.

Tovuti ninayoizungumzia ni ya mama mmoja anayeuza vitenge na khanga kwa jumla Mtaa wa Kongo. Haina malipo ya mtandaoni. Mnunuzi anapitia picha, anabonyeza kitufe cha kijani, WhatsApp inafunguka ikiwa imeshaandikwa jina la kitambaa, na bei wanapatana huko. Mimi niliipokea kutoka kwa fundi aliyekuwepo kabla yangu. Tulipokutana mara ya kwanza, mama alinionyesha ripoti ya Google Analytics kwenye simu yake akaniuliza, “Mwanangu, watu wote hawa wanaingia, mbona meseji ni chache hivi?” Nikamjibu, “Mama, niachie kwanza nikague hesabu yenyewe.” Alikuwa amejiandaa kuagiza mzigo kwa kufuata ripoti ile: kitambaa kilichotazamwa sana ndicho kiongezwe. Mtu akishaweka mtaji wake kwenye takwimu, takwimu hizo lazima ziwe za kweli. Kwangu hilo si jambo la kufanya kwa kubahatisha.

Nilifungua tovuti kwenye Chrome ya laptopu, nikaingia kwenye zana za wasanidi, sehemu ya Network, nikachuja kwa neno collect, kwa sababu Google Analytics hutuma matukio yake kwenye anwani yenye neno hilo. Nikabonyeza kitenge kimoja. Ikatokea mistari miwili. Yote imebeba en=page_view, yaani tukio la kutazama ukurasa, yote inataja ukurasa uleule, yote imejibiwa 204, yaani Google imepokea. Nikabonyeza kingine, miwili tena. Kila kitambaa alichokitazama mtu mmoja mara moja kilihesabiwa kimetazamwa mara mbili.

Chanzo kiko kwenye namna fremuwaki za aina hii zinavyofungua kurasa. Kwenye tovuti ya kawaida, kila ukurasa mpya unapakuliwa wote, skripti ya takwimu, yaani kijiprogramu kinachohesabu, inaanza upya. Kwenye Next.js, mgeni akishaingia, kurasa zinazofuata zinabadilishwa ndani ya kivinjari bila kupakua kila kitu upya; anwani ya juu inabadilika kupitia historia ya kivinjari, na faili la layout, linalobeba skripti hiyo, linabaki palepale. Kwa hiyo skripti inapakiwa mara moja tu, na lazima iwepo namna ya kuiambia kwamba mtu amehamia ukurasa mwingine. GA4, toleo la sasa la Google Analytics, ina mpangilio unaosikiliza mabadiliko hayo ya historia wenyewe. Fundi wa mwanzo naye aliandika komponenti (kipande cha msimbo wa tovuti) inayotumia usePathname kujua anwani ya ukurasa na useEffect kutuma page_view kila anwani inapobadilika. Njia zote mbili ni sahihi, ila ukiziweka pamoja kila kitu kinazidishwa mara mbili. Niliifuta komponenti ile, nikaacha usikilizaji wa GA4, mistari ikawa mmoja mmoja.

Anayetaka kufanya ukaguzi huu ajue kwamba tangu toleo la 18 la React, maktaba ambayo Next.js imejengwa juu yake, ukiwa kwenye hali ya utengenezaji na Strict Mode (hali ya kukagua makosa) imewashwa, kila useEffect hukimbia mara mbili makusudi komponenti inapowekwa mara ya kwanza. Ukiona maradufu kwenye localhost, yaani kompyuta yako mwenyewe, hujathibitisha kitu. Jenga tovuti kama inavyokwenda hewani, ndipo uangalie. Na namba ya kipimo, ile inayoitambulisha tovuti yako kwa Google, ukiiweka kwenye kigeu (variable) kinachoanza na NEXT_PUBLIC_, kumbuka inagandishwa ndani ya faili wakati wa kujenga. Kuibadilisha kwenye seva bila kujenga upya hakufanyi chochote.

Kulikuwa na kosa la pili, dogo kwa kulitazama lakini lenye madhara. Akaunti ilikuwa imewekwa saa za Los Angeles. Usiku wa manane wa kule ni saa nne asubuhi ya Dar, au saa tano majira yao yakibadilika. Kariakoo saa nne asubuhi watu wameshafanya biashara ya kutosha, na yote hiyo ilikuwa inaandikwa kwenye siku ya jana. Mama alikuwa akiniambia “Jumamosi tunafanya vizuri” na ripoti inasema vingine. Mpangilio huu unabadilishwa kwa dakika moja, ila data ya nyuma hairudi kupangwa upya. Ukiwa hapohapo, angalia pia muda wa kutunza data: GA4 ya bure huanza na miezi miwili kwa uchambuzi wa kina, na unaweza kuupandisha hadi miezi 14. Mfanyabiashara wa vitenge anataka kulinganisha Idd na Idd. Miezi miwili haimfai.

Kwa nini basi nikahama, wakati hesabu imeshanyooka?

Kwanza ni uzito. Skripti ya Google ni kubwa, makumi mengi ya kilobaiti hata ikishabanwa, wakati za Umami na Plausible ni kilobaiti chache tu. Mnunuzi wa mama yupo kwenye daladala na bando la saa moja, simu yake ya kawaida. Sipendi atumie bando lake kupakua kitu kisichomsaidia. Kuna wanaosema weka tu lazyOnload kwenye next/script, komponenti ya Next.js ya kupakia skripti, ili skripti ipakiwe mwisho kabisa. Kwenye duka kama hili sikubaliani nao: mtu aliyetumiwa linki ya kitambaa kimoja anafungua, anaona, anabonyeza WhatsApp na kuondoka kabla skripti haijafika, na huyo ndiye mteja hasa. Nimebaki na afterInteractive, inayopakia skripti mara ukurasa unapoanza kuitika, ambayo ndiyo Next.js inayoitumia usipotaja kitu, nikapunguza uzito kwa kubadilisha programu yenyewe.

Pili, Umami inasikiliza mabadiliko ya kurasa yenyewe bila mimi kuandika komponenti yoyote, na matukio unayaweka kwenye kitufe chenyewe. Kwenye kile kitufe cha kijani niliongeza data-umami-event yenye neno whatsapp, na data-umami-event-kitambaa yenye jina la kitambaa. Basi. Hakuna faili la ziada, hakuna function ya kuita kwenye msimbo. Kesho yake ripoti inaonyesha kitambaa gani kimebonyezewa WhatsApp na mara ngapi. Kwa mama, orodha hiyo ina thamani kuliko ripoti nyingine zote zikiwekwa pamoja, kwa sababu kuna vitambaa watu wanavitazama kwa uzuri wake tu na kuna vitambaa wanavyoulizia bei.

Umami ni programu huria, nayo imeandikwa kwa Next.js, kwa hiyo anayeijua fremuwaki hii haoni ugeni akifungua msimbo wake. Niliiweka kwa Docker (zana ya kuendesha programu ikiwa imefungashwa na vyote inavyovihitaji) pamoja na hifadhidata ya PostgreSQL kwenye seva ndogo ya kukodi. Jambo la kwanza baada ya kuiwasha ni kubadilisha nywila, maana huja na jina admin na nywila umami, na dunia nzima inalijua hilo.

Sasa sehemu ambayo naomba kila fundi wa hapa nyumbani aisome taratibu: idadi ya wageni. Umami na Plausible hazitumii vidakuzi, yaani vifaili vidogo vinavyowekwa kwenye kivinjari cha mgeni. Zinamtambua mgeni kwa kuchanganya anwani ya IP na maelezo ya kivinjari, kisha kuyageuza kuwa alama isiyorudi nyuma. Ulaya, kwenye intaneti za majumbani, njia hii inatosha. Kwetu wengi wanaingia kwa data ya simu, na kampuni za simu huwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP. Zaidi ya hapo, Chrome ya Android tangu mwaka 2023 imeacha kutaja aina ya simu. Kila simu inajitambulisha kama Android 10 yenye herufi K. Kwa hiyo wanawake wawili wa Mbagala, mmoja ana Tecno na mwingine Samsung, mtandao mmoja, toleo moja la Chrome, wanaweza kuhesabiwa mtu mmoja. GA4 huweka kidakuzi chake, _ga, kinachodumu hadi miaka miwili, hivyo simu mbili inaziona mbili. Hapa Google inashinda waziwazi. Mimi namweleza mteja wangu kwamba idadi ya wageni kwenye Umami ni kiwango cha chini, na uamuzi wa mzigo aufanye kwa mibonyezo ya WhatsApp.

Ramani nayo ina mipaka yake, kwa programu zote tatu. Mama alitaka kujua kama wanunuzi wa Mbeya wanafungua tovuti. Simu za mikoani mara nyingi huonekana ziko Dar, kwa kuwa anwani za IP za mitandao ya simu zimeandikwa huku. Na linki ikifunguliwa kutoka ndani ya WhatsApp, kwa kawaida haiji na taarifa ya ilikotoka, kwa hiyo inaingia kwenye kapu la “direct”, yaani waliokuja moja kwa moja. Tulichofanya ni kutengeneza linki tofauti kwa kila kundi la WhatsApp: ya Mbeya ina utm_source=whatsapp na utm_campaign=mbeya, ya Mwanza vivyo hivyo. Lebo hizi za UTM ni za zamani, zimetokana na Urchin, kampuni ambayo Google iliinunua mwaka 2005 na kuanzishia Google Analytics, lakini hadi leo sijaona kinachozishinda kwa kazi hii. Kijana wa dukani anachukua linki ya kundi husika anapotuma picha mpya, na jioni tunaona Mbeya ilivyoitikia.

Tahadhari kwa wenye vichujio vya rangi au bei vinavyobadilisha anwani ya ukurasa. Kila mbonyezo wa kichujio unaweza kuhesabiwa ukurasa mpya. Wengi hukimbilia kukata kila kitu kinachofuata alama ya kuuliza, na hapo lebo za UTM nazo zinakatwa. Afadhali hali ya kichujio ibaki ndani ya komponenti.

Plausible niliijaribu kwenye tovuti nyingine, ya mtu mwenye nyumba za kupangisha Kigamboni. Ni ukurasa mmoja wa ripoti, unasomeka hata kwa asiyejua kitu, na kampuni yenyewe ni ya Estonia. Malipo ni kwa kadi, kwa hiyo mwenye nyumba alitumia kadi ya mtandaoni ya pesa za simu. Sikuona kasoro ya kunisumbua. Kwa wenye tovuti za Laravel au WordPress kwenye hosti za bei nafuu zenye PHP na MySQL, nadhani Matomo, ile iliyoitwa Piwik hadi mwaka 2018, itawafaa kuliko Umami inayotaka Node, programu ya kuendesha JavaScript kwenye seva.

Kuna suala la sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, tunayo Tume yake, na sheria hiyo ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Mwenye duka anayewekewa vidakuzi na fundi wake ana haki ya kuambiwa taarifa za wateja wake zinakwenda wapi. Mimi huwa naandika hilo kwenye makubaliano ya kazi, kwa Kiswahili cha kawaida.

Kujisimamia seva kuna gharama yake. Kuelekea sikukuu moja ya Idd, kampuni niliyokodi kwake mashine iliizima kwa matengenezo bila kututaarifu, na takwimu za mwisho wa wiki wenye biashara nzito zikapotea. Duka lenyewe halikuathirika, kwa sababu skripti ya takwimu ikikosekana ukurasa unafunguka vilevile, lakini siku zile hazipo tena kwenye ripoti na mama aliziulizia. Sasa nina kitu kinachoigonga Umami mara kwa mara na kunitumia ujumbe ikinyamaza, na nakala ya hifadhidata inachukuliwa kila usiku kupelekwa kwenye mashine nyingine. Kama huna mtu wa kupokea ujumbe huo saa nane usiku na kuufanyia kazi, lipia Plausible, au tumia Umami inayohifadhiwa kwenye seva za kampuni ya Umami yenyewe.