Pleya Ndogo ya Muziki: Ipi Ya Kununua, Ipi Ya Kuacha

Kabla hujatazama pleya yoyote, jiulize nyimbo zako ziko wapi. Kama zote unazisikilizia kwenye Spotify au YouTube na huna hata faili moja la wimbo lililo lako, usinunue bado. Nyimbo unazohifadhi ndani ya programu hizo ili uzisikilize bila intaneti zimefungwa, na ni programu yenyewe tu inayoweza kuzifungua. Pleya ya kawaida haitazisoma hata ukifanikiwa kuzinakili. Inachopiga pleya rahisi ni mafaili: MP3 bila shaka, mara nyingi na WMA na WAV, baadhi yake na AAC au FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti. Kwa hiyo mwongozo huu unamfaa aliyenakili CD zake kwenye kompyuta, anayenunua albamu za kupakua, au mwenye mihadhara, vitabu vya kusikiliza na masomo ya lugha aliyoyakusanya kwa miaka.

Wapo watakaouliza pleya ya nini na simu ipo. Simu inapigiwa, inaletewa ujumbe, inamaliza chaji jioni unapoihitaji, na ni nzito mfukoni mwa anayekimbia. Tena, mtoto ukimpa simu asikilize hadithi, dakika tano baadaye hasikilizi hadithi.

Vitufe kwanza, sauti baadaye

Watu wengi huanza kwa kuuliza sauti. Mimi naiweka nyuma. Chipu za sauti za siku hizi, hata zile za bei ya chini, zinatosha kwa masikio ya wengi wetu. Tofauti kubwa utakayoisikia inatoka kwenye hedifoni. Kasoro moja ya kuichunga ni mvumo mwembamba unaosikika wimbo ukiwa kimya, hasa kwa hedifoni ndogo zinazoingia ndani ya sikio. Ujaribu kwa kupiga wimbo wenye mwanzo wa taratibu.

Kinachokukera kila siku ni vitufe. Pleya nzuri unaiendesha bila kuitazama: mkono uko mfukoni, kidole kinajua pa kusimamisha, pa kuruka wimbo, pa kupunguza sauti. Pleya nyingi ndogo zimeunganisha kazi mbili kwenye kitufe kimoja, ukibonyeza kidogo unaruka wimbo, ukishikilia unaongeza sauti. Dukani inaonekana ni akili. Barabarani utaruka nyimbo tatu ukitafuta kupunguza kelele. Tafuta yenye vitufe vya sauti vilivyo peke yake, tena vya kubonyezeka kweli, si alama za kugusa. Na iwe na namna ya kufunga vitufe vyote, la sivyo itajiwasha ndani ya begi na utaikuta imekufa chaji.

Kama unasikiliza vitabu au mihadhara, lipo jaribio moja linalopita yote. Anzisha faili refu, lisogeze mpaka dakika ya ishirini, zima pleya, kisha iwashe. Ikirudi pale pale, endelea kuifikiria. Ikianza mwanzo, irudishe kwenye kabati lake. Hapo hapo tazama inavyosogeza mbele: zipo zinazokwenda kwa kasi ile ile ndogo muda wote, na kuifikia saa ya sita ya kitabu kwa mwendo huo ni adhabu.

Nafasi unayohitaji ni ndogo kuliko unavyodhani

MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde (kiasi cha data kinachobeba kila sekunde ya sauti) inakula karibu MB 1 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni MB 4 hivi, na GB 8 zinabeba kama nyimbo 2,000. Ukipanda hadi kilobiti 320, wimbo ule ule unakaribia MB 10 na hesabu inashuka hadi 800 hivi. FLAC iliyotoka kwenye CD ni nzito zaidi, kwa kawaida MB 20 hadi 30 kwa wimbo, na GB 8 zitajaa kwa nyimbo mia tatu. Kwa sauti ya mtu anayezungumza, kilobiti 64 zinatosha kabisa, na hapo GB 8 ni zaidi ya saa 250 za maongezi. Toa kidogo katika hesabu zote hizi, maana pleya yenyewe hujikatia sehemu.

Kwa hiyo usilipie GB nyingi za ndani. Lipia tundu la memori kadi. Kadi inaongezwa, inabadilishwa, na pleya ikifa nyimbo zinabaki nawe. Ila soma kikomo kilichoandikwa kwenye boksi. Kadi zinazozidi GB 32 hutoka kiwandani zikiwa na exFAT, namna moja ya kupanga mafaili ndani ya kadi, na pleya nyingi rahisi zinajua namna ya zamani tu, FAT32. Utaichomeka, itakwambia hakuna kadi, na utadhani ni mbovu.

Sasa nizipange, kuanzia ninayoipendekeza kwa mtu wa kawaida.

1. Pleya ya kibanio, yenye vitufe na tundu la kadi

Mfano unaojulikana zaidi ni SanDisk Clip Jam. Ni kifaa kidogo, kinabanwa kwenye nguo, kina GB 8 ndani, tundu la memori kadi ndogo (microSD) linalokubali hadi GB 32, na redio ya FM. Mtengenezaji anataja saa 18 za betri; zihesabu kama saa za mazingira mazuri, skrini ikiwa imezimwa na sauti ya wastani. Skrini yake ni ya kusoma jina la wimbo basi, na hilo ni jambo jema.

Mapungufu yake yajulikane mapema. Hakina Bluetooth, kwa hiyo hedifoni zisizo na waya hazina kazi hapa. Orodha yake pia ina kikomo cha nyimbo 2,000 za ndani na 2,000 za kwenye kadi, hata kama nafasi bado ipo. Mwenye mafaili mafupi mengi atagonga ukuta huo. Mwenye albamu za kawaida hataujua. Na kama vile pleya zote za aina hii, redio haishiki bila hedifoni ya waya kuchomekwa, kwa sababu waya huo ndio antena.

Anayetaka umbo hilo hilo pamoja na Bluetooth aitazame ndugu yake, Clip Sport Plus, yenye GB 16 na kinga ya maji ya kurushiwa, lakini utaacha tundu la kadi. Mimi ningebaki na kadi.

2. Simu ya zamani iliyo kwenye droo

Naiweka ya pili kwa sababu huinunui. Toa laini, iweke kwenye hali ya ndege, futa programu zote zisizohitajika, weka programu moja ya kupiga mafaili ya muziki, na una pleya yenye Bluetooth, skrini nzuri na FLAC bila hangaiko. VLC inatosha na ni ya bure. Kwa vitabu vya kusikiliza tafuta programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye kukumbuka ulipoishia.

Haikupata nafasi ya kwanza kwa sababu mbili. Betri ya simu iliyozeeka mara nyingi imechoka, na ikianza kuvimba na kuinua skrini usiichaji tena hata mara moja. La pili ni ukubwa, na kwamba kuruka wimbo kwa kawaida kunataka uiwashe skrini uitazame. Kwa nyumbani, jikoni au kando ya kitanda, naiona ni bora kuliko namba moja.

3. Pleya za vitufe zenye Bluetooth

Hapa ndipo walipo RUIZU, AGPTEK na majina mengine mengi, baadhi yakiwa kifaa kile kile kilichobandikwa nembo tofauti. Zina Bluetooth, tundu la kadi, redio, kinasa sauti, saa, picha, hata kisoma maandishi ambacho hakuna atakayekisomea. Zinafaa. Menyu zake zimetafsiriwa kwa haraka, na mpangilio wa nyimbo huweza kukushangaza, lakini anayetaka hedifoni isiyo na waya kwa gharama ndogo hana pa kwenda kwingine penye nafuu hii.

Usinunue kwa kutegemea saa za betri zilizoandikwa. Namba hiyo karibu siku zote ni ya kusikiliza kwa waya. Ukiwasha Bluetooth inashuka, na mara nyingi utakuta imeshuka sana. Nunua pale wanapokubali kurudishiwa, kwani vipande viwili vya aina moja vinaweza kutofautiana.

4. Pleya ndogo za wapenda sauti

Shanling M0 ni mfano mzuri: kiskrini cha inchi 1.54, gurudumu la sauti ubavuni, FLAC, Bluetooth ya kwenda na kurudi (inatuma sauti na kuipokea), na mwili unaoenea kiganjani. Haina nafasi yoyote ya ndani, kwa hiyo kadi ni lazima ununue. FiiO nao wanatengeneza za namna hii. Kama una hedifoni nzuri ya waya na mafaili ya FLAC, utaisikia tofauti. Kama unasikiliza MP3 ukiwa ndani ya basi, kelele za injini zitaimeza tofauti yote uliyoilipia, na utabaki na kiskrini cha kugusa ambacho kwa kidole kinene ni mtihani.

5. iPod iliyotumika

Gurudumu la iPod bado ni mojawapo ya njia bora zilizowahi kubuniwa za kupita katika orodha ndefu ya nyimbo, hilo silibishi. Lakini Apple iliacha kuuza iPod classic mwaka 2014, nano na shuffle mwaka 2017, na touch mwaka 2022. Yoyote utakayouziwa leo ina betri ya umri huo, isipokuwa kama imebadilishwa. Classic pia ina diski inayozunguka, na diski ya namna hiyo haipendi kuangushwa. Kisha kuna suala la kuweka nyimbo: huburuti mafaili tu kama kwenye flashi, unapitia iTunes, au Finder kwenye Mac za karibuni.

Anayependa kufungua vifaa atafurahi, maana wapo wanaotoa ile diski na kuweka kadi, kisha wanaweka Rockbox, programu ya bure inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani. Kwa zawadi ya mzazi asiyependa mambo mengi, hapana.

6. Za skrini ya kugusa zisizo na jina

Zinafanana na simu, zinatangaza video, michezo na kamera. Skrini nzito kwa kugusa, betri ndogo, vitufe hakuna. Pita.

Ya kuogelea, nje ya orodha

Anayeogelea asinunue pleya ya Bluetooth hata ikiwa na kinga ya maji ya namna gani. Mawimbi ya Bluetooth, ya GHz 2.4, yanamezwa na maji baada ya umbali mdogo sana, hivyo muziki lazima ukae ndani ya kifaa kilicho sikioni. Sony NW-WS413 na Shokz OpenSwim zimetengenezwa hivyo, kila moja na GB 4. Ile ya Sony imeidhinishwa hata kwa maji ya chumvi, hadi mita 2 kwenda chini. Isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila utokapo.

Kwa mtoto, tafuta pleya yenye kikomo cha sauti unachoweza kukifunga. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa mtoto desibeli 75 kwa muda huo huo.

Siku ya kwanza nyumbani

Anza na kadi. Kadi za ukubwa wa uongo ni nyingi: imeandikwa GB 32, kompyuta nayo inasoma GB 32, lakini ndani ni ndogo zaidi na mafaili ya mwisho yanaharibika kimya kimya. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, huijaza kadi nzima kisha huisoma upya. Fanya hivyo kabla ya kuweka wimbo wowote, maana siku za kurudisha bidhaa hazingoji.

Kisha mpangilio. Pleya nyingi rahisi hupiga nyimbo kwa jinsi zilivyonakiliwa, si kwa alfabeti. Weka namba mbele ya jina, 01, 02, 03, na nakili folda moja baada ya nyingine. Ukiandika 1, 2, 3 bila sifuri, wimbo wa 10 unaweza kuja kabla ya wa 2. Pleya zinazopanga kwa albamu zinasoma maelezo yaliyofichwa ndani ya faili; yakiwa matupu, nyimbo zako zote zitarundikana chini ya msanii asiyejulikana. Programu ya bure ya Mp3tag inayajaza kwa mkupuo.

Na kompyuta ikigoma kuiona pleya, badilisha waya kwanza. Nyaya nyingi zilizotapakaa majumbani ni za kuchaji tu, hazipitishi mafaili, na pleya nzima nyingi hurudishwa dukani kwa kosa la waya.