Windows 11 Pro kwenye HP EliteBook 840 G5: nihame au nibaki na 10?

Kompyuta mpakato niliyoinunua Kariakoo mwezi Novemba 2025 ni mpya kwangu tu, kwani ilikwisha kutumika miaka kadhaa katika ofisi fulani ya Ulaya kabla ya kuvuka bahari. Ni HP EliteBook 840 G5 yenye prosesa ya Core i5-8250U, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256, na muuzaji alinikabidhi ikiwa na Windows 10 Pro. Tatizo ni kwamba Windows 10, iliyotoka Julai 2015, ilikoma kupewa masasisho ya usalama ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, wiki chache tu kabla sijatoa pesa yangu. Nilipomuuliza muuzaji kama nihamie Windows 11, alinijibu, "Achana nayo, mwalimu, itaifanya mashine iwe nzito."

Kabla ya kufikiria mfumo mpya nilitaka kujua kama huo wa zamani ulikuwa halali. Nilifungua dirisha la amri, nikaandika slmgr /xpr, na badala ya kuambiwa kwamba leseni ni ya kudumu nikaonyeshwa tarehe ya kuisha, isiyofika hata miezi sita mbele. Leseni ya namna hiyo ni ya taasisi kubwa: kompyuta hujihuisha kwa kuwasiliana na seva ya taasisi hiyo, na isipofanya hivyo ndani ya siku 180 uhalali wake hukoma. Mimi sina seva, na duka lile nalo halina. Ilikuwa Windows iliyokrakiwa, kama mafundi wenyewe wanavyosema, yaani iliyohalalishwa kwa ujanja bila leseni, na programu iliyotumika kuikraki ilikuwa bado imo ndani, ikiwa na ruhusa zote za msimamizi, katika mashine ambayo ningeitumia kujaza alama za wanafunzi na kufungulia akaunti yangu ya benki.

Kinachokera ni kwamba ujanja huo haukuwa na haja yoyote. Kompyuta za kibiashara za miaka hiyo, ikiwa ziliuzwa na Windows Pro tangu kiwandani, huwa na ufunguo wa leseni uliohifadhiwa ndani ya ubao mama, na ukipiga (ukisakinisha) Windows Pro upya mfumo huusoma ufunguo huo na kujihalalisha mara unapoingia kwenye intaneti. Ufunguo wa Windows 10 wa namna hiyo hukubalika hata kwa Windows 11, bila kulipa chochote. Kwa hiyo kufomati, yaani kufuta diski yote na kuanza upya, kulikuwa ni lazima ili kuondoa programu ile, na swali lililobaki lilikuwa nipige ipi.

Kubaki na 10 kulikuwa na hoja zake. Microsoft ilitoa mpango wa masasisho ya ziada ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 za Marekani, au bila malipo kwa anayekubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe katika akaunti ya Microsoft. Kwa mtu mwenye mashine aliyoizoea, yenye printa ya zamani na programu za ofisi zisizopenda kuguswa, muda huo unamtosha kujipanga. Kwangu mimi, ambaye mashine ilikuwa haijawekwa hata faili moja, kupiga Windows 10 upya ingekuwa sawa na kupaka rangi nyumba iliyokwisha kuwekewa alama ya X ya kubomolewa.

Sharti lililobaki lilikuwa la mashine yenyewe. Orodha ya prosesa za Intel zinazokubalika rasmi kwa Windows 11 huanzia kizazi cha 8, ukiacha chache mno za kizazi cha 7, na kwa prosesa za miaka hiyo kizazi husomeka katika tarakimu ya kwanza baada ya kistari: i5-8250U ni ya 8, i5-6300U ni ya 6. EliteBook 840 G3 na G4, ambazo zimejaa madukani na bei zake zinavutia, zinabaki nje ya mlango. Hata baadhi ya G5 zilitoka na prosesa za kizazi cha 7, kwa hiyo mnunuzi asiridhike na jina lililoandikwa kwenye karatasi ya bei, bali afungue mipangilio aone prosesa kwa macho yake kabla ya kulipa. Kwenye mashine yangu PC Health Check, programu ya Microsoft inayopima kama kompyuta inafaa kwa Windows 11, iligoma mwanzoni, na kisa kikawa ni Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwasha mashine, kwa kuwa aliyepiga Windows dukani alitumia mtindo wa zamani wa kuwasha uitwao Legacy. Nilizima, nikawasha huku nikibonyeza F10, nikairudisha kwenye mtindo mpya wa UEFI, na kizuizi kikaondoka.

Upigaji wenyewe hauna mengi ya kusimulia. Faili la Windows 11 kutoka tovuti ya Microsoft linazidi GB 5, hivyo nililishusha kwa bando la usiku, nikaliweka kwenye flashi ya GB 8, na nikahakikisha betri imejaa kwa sababu umeme wa mtaani kwetu hauna adabu. Aliye na faili zake na anayetaka kuhama bila kufomati anaweza kusasisha kutoka ndani ya Windows 10, na akijuta anazo siku 10 za kurudi alikotoka kabla mfumo haujafuta nakala ya zamani. Mimi niliyefomati sikuwa na njia hiyo ya kurudi, wala sikuihitaji.

Jambo ninaloomba lisomwe kwa makini zaidi ni la akaunti. Windows 11 inakutaka uingie kwa akaunti ya Microsoft wakati wa kuanza, na tangu toleo la 24H2, la mwaka 2024, mashine iliyopigwa upya mara nyingi husimba diski yake yenyewe, yaani huyafunga mafaili yasisomeke bila ufunguo, bila kukuuliza, kisha ufunguo wa kuifungulia huhifadhiwa katika akaunti hiyo. Huo ni ulinzi mzuri dhidi ya mwizi, lakini kwetu fundi ndiye anayekuwashia kompyuta mara ya kwanza, na ili asikuchoshe hutumia barua pepe yake au huunda nyingine ambayo nenosiri lake atalisahau kabla ya jioni. Siku mashine itakapodai ufunguo huo, baada ya kubadilisha kipuri au kusasisha BIOS, programu ya ndani inayoiwasha mashine, faili zako zitakuwa mikononi mwa mtu usiyejua hata anapoishi. Akaunti fungua mwenyewe, na ufunguo uandike kwenye karatasi.

Kuhusu matumizi, muuzaji hakuwa mwongo kabisa. Microsoft inataja RAM ya GB 4 kuwa kiwango cha chini, lakini kiwango hicho ni cha kuwasha, si cha kufanya kazi. Kwa GB 8 mimi naandika mitihani na kufungua kurasa kadhaa bila kukwama, ingawa nimepanga kuongeza nyingine 8 kwa kuwa mashine hii ina nafasi mbili za RAM. Napenda jinsi madirisha yanavyopangwa ubavu kwa ubavu, na vichupo vya kufungulia mafaili. Sipendi kwamba nilipohama mwambaa wa kazi ulikuwa hauhamishiki kwenda pembeni, wala orodha fupi ya kitufe cha kulia cha kipanya inayokulazimisha kubonyeza mara mbili kwa jambo lililokuwa likifanyika kwa mbofyo mmoja. Kwa sura peke yake nisingehama.

Mwalimu mwenzangu ana 840 G3, na ameambiwa kuna njia za kuruka masharti akapiga 11 hivyohivyo. Zipo, lakini Microsoft inasema wazi kwamba mashine za namna hiyo hazina haki ya kudai masasisho, na masasisho ndiyo yaliyonifanya mimi nihame. Jumamosi analeta mashine yake, na ile flashi ya GB 8 nimekwisha kuiwekea Linux Mint, mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows.