Meza ya kale ya Kitaliano yenye marumaru ya njumu: uzoefu wangu

Meza ni ya duara, kipenyo sentimita 80, juu ya mguu mmoja wa mbao ya mjozi uliochanua chini kuwa nyayo tatu. Uso ni marumaru nyeusi iliyotiwa njumu, yaani vipande vya mawe vilivyopachikwa ndani yake: jiwe la njano la Siena, la kijani, na lapis, jiwe la bluu lenye chembe zinazometa kama dhahabu. Niliinunua Malindi kwa familia ya Kitaliano iliyokuwa ikihama. Baada ya miaka mitatu ya kuitumia kila siku, naipa nyota nne kati ya tano.

Nyota ya tano imepotelea kwenye gundi. Mafundi wa njumu wa Florence, mji wa Italia ambako mtawala wake Ferdinando I de' Medici alianzisha karakana ya mawe mwaka 1588, walishikiza vipande kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na ulimbo wa msonobari. Mchanganyiko huo hulainika kwa joto. Kwenye meza yangu jani moja la lapis limeinuka; ukipitisha ukucha unakwama. Kwa hiyo hakuna sufuria wala birika la moto linalotua hapo, hata juu ya kitambaa. Asetoni na spiriti ni mwiko pia, kwa sababu huyeyusha ulimbo.

Adui wa pili ni limau. Tone la limau, siki au soda hula marumaru papo hapo na kuacha doa lisilong'aa. Hilo si uchafu, ni jiwe lililoliwa, na kusugua hakulirudishi. Linahitaji fundi wa kung'arisha upya. Usafi wa kila siku: kitambaa kilichokamuliwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini kidogo, kisha kikavu mara moja.

Usikubali silikoni. Mtu aliwahi kuziba nayo ukingo wa meza hii, na mafuta yake yameingia ndani ya jiwe: doa jeusi la upana wa vidole viwili. Limenisikitisha kuliko kasoro nyingine zote, maana halikuwa na haja. Uzito wa jiwe peke yake unatosha kulituliza juu ya mguu.

Uzito huo ni kama kilo 27 kwa unene wa sentimita 2. Kabla ya kusafirisha, tenganisha jiwe na mguu, lifunge blanketi na libebwe likiwa wima kama kioo cha dirisha. Likilazwa na kushikwa pembeni tu, linapasuka katikati kwa uzito wake lenyewe.

Ukienda kununua, hakikisha kwanza kama ni jiwe au scagliola, yaani jasi iliyokandwa kwa gundi na rangi, ufundi uliositawi katika mji wa Carpi, Italia, karne ya 17. Scagliola ni kazi nzuri, ila isiuzwe kwa jina la jiwe. Weka kiganja: jiwe hukaa baridi, jasi hupata joto upesi. Mulika tochi kwa ubavu. Penye mawe kila kipande kina mishipa yake inayokatika kwenye kiungo.

Halafu pindua mguu. Vitundu vya milimita 1 hadi 2 ni vya bungua, wadudu wanaotoboa mbao. Tandika karatasi nyeusi chini kwa wiki mbili; ukiona unga mpya, wangali hai. Piga dawa ya permethrini kwa sindano, kitundu kwa kitundu, ndipo upake nta.