Chambo cha Metali kwa Wolai wa Mtoni: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Wolai, yule samaki wa Amerika Kaskazini ambaye macho yake hung'aa kama ya paka yanapomulikwa kwa tochi, hukaa karibu kabisa na chini ya mto, na maji yakiwa ya baridi hana hamu ya kufukuza chakula mbali. Ndiyo maana wanaomvua katika mto Mississippi upande wa Red Wing, Minnesota, au katika mto Detroit majira ya kuchipua, huteremsha kipande cha metali hadi kiguse chini, wakakiinua kidogo na kukiachia tena. Dukani vipande hivyo hujaza ukuta mzima, na mgeni huchagua kwa rangi. Ushauri wangu ni kuchagua kwa namna kinavyoanguka, kwa kuwa wolai mara nyingi hukidaka kikiwa kinashuka.

Nafasi ya kwanza naipa bamba la kutetema, mfano wake wa zamani ukiwa Heddon Sonar. Ni kibati chembamba chenye umbo la samaki, kilichomiminiwa risasi upande wa kichwa, na mgongoni kina matundu mawili au matatu. Kikiinuliwa kiasi cha shubiri moja hutetema, na mtetemo huo hufika mkononi kupitia uzi na ufito. Ukikosekana, ujue jani limenasa au ndoana imeshika uzi, basi kivute ukisafishe badala ya kupoteza nusu saa ukichezesha takataka. Tundu la mbele hutoa mtetemo wa haraka na mwembamba unaofaa maji ya baridi, na la nyuma hukipa mtikisiko mpana zaidi. Wakati wa kushuka, uzi ufuatwe kwa ncha ya ufito bila kukazwa wala kulegezwa mno. Aliyezoea mshipi wa chubwi kule Pwani atakuta mkono wake unaijua kazi hii tayari. Kwa kina cha mita 3 hadi 6 na mkondo wa wastani, anza na gramu 14. Mkondo ukizidi, gramu 21.

Kagua kingo za matundu hayo kabla ya kulipa. Siku yangu ya kwanza nilifunga uzi moja kwa moja kwenye tundu, na kabla ya saa nne asubuhi kingo zake zilikuwa zimeukwangua hadi ukakatika, kibati kikabaki kwenye mawe. Nunua pamoja nacho vibanio vidogo vya waya vyenye kichwa cha mviringo, vya kuunganishia uzi na tundu, na ununue mabamba matatu ya bei nafuu badala ya moja la fahari, maana mto hudai sehemu yake.

Cha pili ni chambo kizito kiitwacho kijiko, cha aina ya Hopkins au Kastmaster. Hiki hushuka kikiyumba na kumetameta, na hufaa sana penye shimo refu ambapo samaki wamejazana chini ya mashua. Chagua chembamba na kizito, kwa kuwa kijiko kipana huchukuliwa na mkondo kabla hakijafika chini.

Nafasi ya tatu ni ya samaki wa metali mwenye pezi la plastiki mkiani, kama Jigging Rap ya kampuni ya Rapala ya Finland, iliyobuniwa kwa uvuvi wa kwenye barafu. Akiinuliwa huchomoka pembeni kisha hurudi, na katika ziwa ningemweka wa kwanza bila kusita. Mtoni, hata hivyo, mkondo huuvuruga mwendo huo, na ndoana zake za mbele na nyuma hunasa kila jiwe. Mnunue namba 7, mwenye gramu 18, kwa ajili ya maji yaliyotulia nyuma ya vizuizi vya mkondo tu.

Rangi isikusumbue: dhahabu kwa maji ya tope, fedha kwa maji maangavu. Kinachostahili umakini zaidi ni ndoana. Katika mto Maumee, Ohio, wakati wolai wanapopanda kutaga, ndoana ya ncha tatu hairuhusiwi, kwa hiyo soma kanuni za jimbo kabla ya kununua. Penye ruhusa, iburuze ncha taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba: ikiteleza ni butu, irudishe ukutani, ikikwama, ipeleke kwa mwenye duka.